Jicho la Kushoto, Sawa

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya kwanza tu, na tayari wananiita Mwalimu kwa ile sauti ya watu wanaongoja uteleze wacheke. Sawa. Nimekuja Shimabara, huku kusini mwa Japani, na masanduku ya skrini na miwani, na miaka miwili ya kazi yangu imo humo ndani. Siondoki mpaka mtu akubali kwamba inafaa.

Chumba cha kuendeshea kiko huku bondeni, mbali na mlima. Huko juu hakuna mtu — marufuku. Lile jabali lililoota kileleni enzi za mlipuko wa volkano bado halijatulia, siku yoyote linameguka. Kwa hiyo makatapila mawili yanazoa mawe na mchanga nyuma ya ukuta wa kuzuia tope bila dereva ndani. Madereva wenyewe wamekaa kwenye viti vya ofisi, skrini mbele, chai pembeni. Ungedhani ni raha. Lakini skrini ni bapa! Jiwe la mbele na jiwe la nyuma yote yamebandikwa ukuta mmoja. Ndoo ya katapila imebakiza mita moja au tatu? Dereva anakisia. Akikosea, katapila linaanguka na mtu inabidi aende kulitoa.

Mimi nimeleta kamera mbili zinazokaa bega kwa bega kama macho, na miwani inayolipatia kila jicho picha yake. Ukivaa, umbali unauona. Hivyo tu.

Mizokami, msimamizi wa kazi, kanisikiliza kwa adabu zote, kichwa kinaitikia tu. Nilipomaliza kasema: tutamsikiliza Mzee Ayabe. Nikauliza Mzee Ayabe ni nani. Kumbe ni yule aliyenipa mgongo muda wote akinywa kahawa ya kopo.

Jumatano, 5 Novemba

Jaribio la kwanza, kwa katapila namba moja. Chukua jiwe hapa, liweke pale juu ya jiwe lingine, lisidondoke. Kwanza kwa skrini zao, halafu kwa miwani yangu.

Alianza Dozono. Dozono Misato, mwanamke pekee kati ya madereva, thelathini na kitu, mikono yake mepesi kwenye vishikio. Kwa skrini zao alitoka jasho. Alipovaa miwani alinyoosha mkono hewani kama anayetaka kulishika lile jiwe! Wenzake wakamcheka.

"Lina mgongo," alisema. "Jiwe lina mgongo."

Kazi iliyomtoa jasho akaimaliza huku anatafuna peremende. Nusura nimkumbatie.

Kisha Ayabe. Miaka hamsini na minane, shingo fupi, anakaa uso umegeuka kidogo kushoto kama jogoo anayekuchunguza. Kwa skrini zao alifanya kazi ambayo — niseme ukweli — sijapata kuiona. Jiwe lilitua kama yai. Akavaa miwani, akafanya vilevile, kwa muda uleule. Akaivua, akaifuta kwa leso, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Sioni tofauti, Mwalimu."

Miaka miwili ya kazi, jamani, na jibu ni sioni tofauti. Nimekula tambi za viazi peke yangu na kulala mapema.

Ijumaa, 7 Novemba

Hadithi ni ileile. Dozono anapaa. Ayabe yuko palepale, na miwani, bila miwani. Na hapo alipo ni juu ya wote! Ndilo linaloniua. Mizokami hazitazami hesabu zangu hata kwa bahati mbaya. Anasema humu ndani mizani ni macho ya Ayabe. Ayabe akisema hakuna tofauti, basi hakuna. Dozono bado mgeni wa kazi, na wageni hupenda vitu vipya. Dozono mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo. Aliinamia viatu vyake.

Mchana fundi Isomoto alileta viazi vitamu vya kuchemsha. Isomoto ndiye hutengeneza makatapila. Moja likikwama eneo la marufuku ndiye anayeingia, kwa miguu yake, chini ya jabali, kwa kibali cha muda mfupi. Mcheshi kupita kiasi. Labda ndiyo sababu.

"Kula, Mwalimu, usinune. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Na mwenye macho ndiye nani hapa?"

"Mzee! Yule anaona mpaka hela iliyomo mfukoni mwako."

Wakacheka wote. Ayabe pia alicheka.

Baadaye nikamuuliza Dozono anakisiaje umbali kwa skrini bapa. Kwa kivuli, alisema. Mzee amewafundisha wote: usitazame ndoo, tazama kivuli chake. Ndoo ikishuka, kivuli kinaijia; vikigusana, umefika chini. Ni ujanja mzuri, nakiri.

"Na siku ya mawingu?"

"Siku ya mawingu anaendesha Mzee."

"Yeye anatazama nini?"

"Hajawahi kusema. Na sisi hatujawahi kuuliza."

Hatujawahi kuuliza! Nchi hii itakufa kwa adabu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nina hasira hadi mwandiko unaonyesha.

Mvua ilinyesha jana, mlima ukateremsha maji ya majivu, yakarukia kamera zangu. Ya kushoto ikazibwa yote na tope. Mimi sikujua, nilikuwa nje nasikiliza simu kutoka chuoni kwangu, Tsukuba.

Sasa, hapa kama kila mahali kwetu, kazi haianzi bila kunyooshea kidole. Unaelekeza kidole kwenye kitu, unakitazama, unatamka kwa sauti kwamba kiko sawa. Dereva wa treni anafanya, mpishi wa shule anafanya. Lengo ni kulazimisha jicho lifuate kidole. Naingia mlangoni namkuta Ayabe kavaa miwani, mkono mbele, sauti ya gwaride: "Jicho la kulia, sawa! Jicho la kushoto, sawa!" Akaanza kazi. Akaimaliza yote, safi kama kawaida. Akampisha Dozono. Dozono hajatulia hata kitini:

"Mwalimu, jicho la kushoto limekufa."

Nikatazama. Tope tupu!

Nikalipuka mbele ya watu. Nilimwambia Ayabe kwamba yeye hatazami, anaimba. Kwamba kunyooshea kidole kitu usichokitazama ni afadhali ukae kimya. Kwamba wiki nzima amenichezea, hajaijaribu miwani yangu hata mara moja, alikuwa anaivaa ili nimwondokee. Nikangoja anijibu. Mtu wa sifa zake angenijibu, na kwa haki, mimi nani nimfokee mtu wa umri ule.

Alisimama, akainama sana, akasema ni uzembe wake, tumsamehe. Haraka mno. Hata Mizokami alishangaa. Nikarudi kwenye kompyuta yangu nikajifanya nina kazi.

Jumanne, 11 Novemba

Hakuna anayenisemesha. Chai ikimiminwa, kikombe changu kinarukwa. Isomoto tu ndiye alinipitia: "Umemvunjia Mzee heshima, Mwalimu. Hata kama una haki." Najua! Najua.

Dozono aliniletea chai mwenyewe, akaenda zake.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nilikwenda kusuluhisha. Nilinunua machungwa madogo, mfuko mzima, nikayagawa asubuhi kabla ya kazi. Moja nikamrushia Ayabe. Kwa upole, kutoka karibu, kwa mzaha, ili watu wacheke tuanze upya. Alinyoosha mkono. Mkono ukafunga hewa. Chungwa likamgonga begani, likabingirika hadi chini ya meza.

Watu walicheka kweli. Yeye pia. "Uzee," alisema, akainama kuliokota.

Mimi sikucheka tena. Mtu anayelitua jiwe la tani nzima kama yai, hawezi kudaka chungwa?

Nikaanza kumtazama kama ninavyopaswa kutazama watu, maana ndiyo kazi yangu. Akimimina chai, mdomo wa birika anaugusisha kwanza kwenye ukingo wa kikombe, ndipo anamimina. Akishuka ngazi, anapapasa ile ya mwisho kwa ncha ya kiatu. Mtu akimpa kitu kutoka kushoto, anageuza kichwa chote. Na tope la Jumatatu. Hakuimba! Alitazama kabisa, akaona kilekile anachokiona kila siku.

Nimekaa na hesabu zangu mchana kutwa bila kuandika kitu. Na miwani, bila miwani, sawasawa. Bila shaka ni sawasawa. Miwani yangu ni ya watu wenye macho mawili.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilimfuata nyuma ya ghala la vipuri, anapovutia sigara. Nikasimama kushoto kwake makusudi. Hakugeuka. Nilipomwita alishtuka, na hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu lini nini?"

"Jicho."

Alikung'uta majivu ya sigara. Kisha akacheka kidogo kupitia puani. "Mke wangu ilimchukua karibu mwaka kugundua. Wewe hata wiki mbili bado. Kweli umesoma."

Presha ya jicho. Ilianza taratibu, ukungu pembeni, miaka mingi sasa, mpaka likazima kabisa. Nikamuuliza vipi anapita kwenye upimaji wa afya kila mwaka. Ile chati ya vijiduara vilivyokatika upande mmoja — anajipanga nyuma ya foleni, anasikiliza wenzake wakitaja vilikokatikia, juu, kulia, chini, kulia, anakariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikifika zamu ya jicho bovu anaimba tu. Hapo ndipo anapoimba, kumbe.

"Mzee, unaendesha mtambo ule kwa jicho moja!"

"Tunaendesha. Sote. Hiyo skrini yao ina macho mangapi? Kamera moja, jicho moja. Humu ndani sote ni chongo, Mwalimu, mimi nimetangulia tu. Wanasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wewe umekuja unagawa miwani."

Nilicheka, na sikutaka kucheka. La kuudhi kuliko yote ni kwamba anasema kweli. Kwenye skrini bapa hapungukiwi na kitu. Wengine wanatoka nyumbani na macho mawili, wanakuja kulipoteza moja kila asubuhi wakikaa kitini. Yeye hana la kupoteza. Nikamuuliza siku za mawingu anafanyaje. Anatikisa ndoo, anamwaga mchanga kidogo, anatazama unapoangukia. Hapo anajua ndoo iko wapi.

"Mbona hukumfundisha Dozono?"

"Ningemfundisha, angeniuliza kwa nini mimi namwaga hata siku ya jua."

Nikamwambia Dozono anahitaji miwani, ameona kwa jicho lake mwenyewe — nikajiuma ulimi. Hakukasirika. Alisema nyumba ya wazazi wake imo chini ya tope la mlima ule, na tangu ujana wake analichota. Wakimtoa kwenye kile kiti atakwenda kufanya nini, akatazame televisheni na mkewe? Imebaki miaka michache tu hadi astaafu. Ningoje.

"Utaniandika?"

Nikasema sijui. Na kweli sijui. Nimerudi nyumba ya wageni nimevaa viatu vya mtu mwingine, hata sikugundua mpaka mwenye nyumba aliponiambia.

Jumapili, 16 Novemba

Nilimpigia Profesa Kashiwagi, mkubwa wangu chuoni. Sikutaja jina, nilisema tu kuna dereva mmoja ambaye matokeo yake hayafai kuhesabiwa. Alijibu bila hata kufikiri: mtoe, lakini andika sababu. Bila sababu watasema nimechagua matokeo ninayoyapenda. Na ni kweli, mimi mwenyewe ningesema hivyo.

Basi. Nikiandika sababu, namfukuza mtu kazi. Nisipoandika, miwani inarudi sandukuni, na Dozono anabaki kuwinda vivuli.

Nimetembea mtaa wa mifereji kutwa. Samaki wa mle majini wamenenepa, wanakuja ukingoni na midomo wazi, hawana shida na mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, sawa, lakini haya maradhi si yangu! Kwa nini yamelala kitandani kwangu?

Nimeandika aya moja ya sababu. Nimeifuta. Nimeiandika tena bila jina. Mtu yeyote anayejua kuhesabu madereva angemjua. Nimefuta.

Jumatatu, 17 Novemba

Mizokami ameamua. Miwani ifungwe, iondoke mwisho wa wiki; tunashukuru kwa juhudi zako, Mwalimu. Namba moja na namba mbili zirudi kwenye skrini za kawaida tangu leo.

Dozono akafanya jambo ambalo sijaona akilifanya. Aliinua mkono. Akauliza, kama haitasumbua, yeye aendelee kuvaa miwani akiwa zamu. Mizokami aligeuka kumtazama Ayabe. Kila kitu humu lazima kipitie kwa Ayabe!

Ayabe alikuwa anafuta skrini yake. "Jifunze kivuli," alisema. "Miwani inaharibika. Kivuli hakiharibiki."

"Ndiyo, Mzee," akasema Dozono.

Nilimkodolea Ayabe macho. Nilitaka anitazame mara moja tu. Hakunitazama. Na mimi? Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi ndani yake. Nikaanza kukunja nyaya. Nimejikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye, na yeye namkasirikia sana.

Jumatano, 19 Novemba

Limeanguka. Namba mbili.

Mawingu tangu asubuhi, mlima haukuwa na rangi wala kivuli, kila kitu kijivu. Ayabe alikuwa na namba moja upande wa juu, kwa hiyo namba mbili ikabidi aiendeshe Dozono. Alikuwa anasafisha karibu na ukingo wa ukuta, pale maji yanapomwagikia. Kwenye skrini ukingo na ardhi ya chini vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nyuma yake. Niliona anachokiona na mimi pia sikuuona ukingo! Mnyororo wa kutembelea wa upande wa kulia ulipita ukingo. Picha ikalala upande. Dozono akaachia vishikio kama vimemuunguza.

Katapila halikutumbukia. Limening'inia, tumbo limekaa ukingoni. Hakuna aliyeumia, bila shaka, hakuna mtu kule. Hivyo ndivyo walivyosema wakubwa kwenye simu, hakuna aliyeumia. Lakini mvua inakuja mwisho wa wiki, na katapila likidondoka litaziba njia ya maji, na tope litapita juu ya ukuta kwenda kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo kesho namba moja italivuta kwa kamba ya chuma. Na kamba haijifungi yenyewe. Isomoto ataingia.

Dozono ameinama mbele ya Mizokami, ameinama mbele ya Isomoto, ameinama hata mbele yangu. Mizokami alimuuliza mbele ya wote alikuwa anatazama nini. Akasema kivuli. Kivuli kipi, akauliza Mizokami, leo kuna jua? Akajifuta macho. Isomoto peke yake alimgonga bega: "Usilie, dada. Nilikuwa natafuta kisingizio cha kupanda mlima."

Ayabe hakuvuta sigara hata moja siku nzima. Kama mimi ningesema Ijumaa iliyopita, katapila lile lingekuwa limesimama wima. Hilo nalijua na nitalala nalo.

Alhamisi, 20 Novemba

Asubuhi nimefungua sanduku la miwani bila kumwomba mtu ruhusa. Nimeunganisha skrini yangu, kwenye meza ya kona, na kamera zangu ambazo bado zimefungwa kwenye namba moja. Mizokami ameniona. Hakunizuia.

Mawingu tena.

Isomoto ameingia. Tunamwona mgongo, koti la njano, kamba ya chuma begani. Ayabe yuko kitini, namba moja. Mpango: ashushe ndoo kando ya Isomoto, Isomoto atundike kamba kwenye kulabu ya ndoo, atoke mbio, ndipo Ayabe avute. Naandika nimesimama ukutani kwa sababu sina kazi nyingine, na nisipoandika nitapiga kelele.

Isomoto redioni: "Mzee, polepole. Kichwa changu si jiwe."

Watu wakacheka kidogo. Ayabe hakucheka.

Ndoo inashuka. Inasimama. Inashuka kidogo. Inasimama tena. Sijawahi kumwona akisimama katikati. Kwenye skrini ndoo imekaa juu ya kofia ya Isomoto. Juu yake, au mbele yake, au nyuma yake, mimi sijui. Hakuna kivuli. Na mchanga hawezi kumwaga, kuna mtu chini. Ameutikisa mkono wa katapila kidogo sana halafu akaacha mara moja.

Mizokami: "Mzee, muda."

Shingo ya Ayabe imelowa.

"Mzee. Kibali kinaisha."

Ameachia vishikio. Vyote viwili. Mikono kaiweka magotini.

"Sioni," amesema.

Mizokami anauliza kamera ipi ina tatizo, wabadilishe.

"Kamera ni nzima. Mimi ndiye sioni. Jicho langu la kushoto lilikufa zamani." Amesema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa. "Mpeni Dozono. Mwalimu, mvalishe miwani."

Mizokami amefungua mdomo, amesema Dozono si ndiye aliyeangusha jana.

"Aliangusha kwa kufuata nilichomfundisha," amesema Ayabe. "Mpeni kiti."

Nimemvalisha. Tumeigeuza skrini yangu mbele ya kiti. Ayabe amehama, lakini hajatoka. Amesimama nyuma ya kiti, kofia yake mkononi. Dozono ameshika vishikio, akaviachia, akapangusa viganja kwenye suruali, akavishika tena.

Isomoto redioni anauliza kulikoni, mbona kimya, kokoto zimeanza kumdondokea.

"Kaka Isomoto," amesema Dozono, "usisogee. Nakuja upande wako wa kulia. Mita mbili."

Mita mbili. Hajakisia.

Mizokami ameshika simu ya mezani, namba ya wakubwa, bado hajabonyeza. Anamtazama Ayabe, hatazami skrini. Ndoo imeanza kushuka.